Chupa ya Dirishani

Mjomba wangu Huseni, mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini kwetu, alikuwa fundi wa ndege ndogo ya chuo cha urubani pale uwanjani, na alijivunia kazi hiyo hadi akatuchosha. Kila asubuhi alikinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa chupa ya jemu, akaitazama juani. Maji yakiwemo hukaa chini, mafuta juu, na mstari unaonekana katikati. Kisha chupa aliiweka dirishani, wala hakuimwaga mpaka ndege irudi. Tulimcheka, tukasema anaifanyia ndege zindiko.

Mwaka 1997, vita na waasi vikiendelea, nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa sababu ya mapinduzi ya jeshi, na mafuta ya ndege yakakosekana. Wakubwa wa chuo wakaleta petroli ya magari, mapipa ya magendo yaliyovushwa ziwani. Asubuhi moja Huseni alikinga, akatazama: safi, hakuna mstari. Hakusumbuka kunusa, maana mikono yake mwenyewe ilinuka petroli kutwa. Akamruhusu Adrien, mwanafunzi wa miaka ishirini, aruke peke yake.

Ndege ilifika kimo cha mchikichi tu, injini ikakohoa, ikazima. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Ikaanguka kwenye mashamba ya mpunga. Mkulima mmoja, Népomuscène, alitupa jembe akakimbia kumtoa Adrien, na kijana akamfia mikononi. Askari walipofika walimkuta mkulima ana damu nguoni. Wakaamua kwamba waasi wameitungua ndege na yeye ndiye aliyewaelekeza, wakaondoka naye.

Huseni aliirudia chupa yake. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akatia njiti ya kiberiti inayowaka. Ikazima. Chupa nzima ilikuwa maji ya mapipa yale, ndiyo maana mstari haukuwepo; petroli iliyobaki kwenye mirija ilitosha kuruka tu.

Mjomba alikosea, sitamtetea. Lakini angeweza kunyamaza, kwani mji mzima ulikwisha kuamini habari ya risasi. Yeye aliibeba chupa hadi kambini, kwa kamanda.

"Shefu, njo hii ilizima moteri. Kosa ni yangu. Ule mutu mumuachilie."

Kamanda alinusa, akaimwaga yote chini.

"Muzee, hii ni maji tu. Rudia kwako."

Siku ya nne, Consolée, mke wa Népomuscène, aliambiwa kwenye lango la kambi asilete chakula tena. Hawakumwambia kwa nini, naye hakuhitaji kuuliza. Huseni alimfuata nyumbani akamweleza yote, tangu pipa hadi kiberiti. Nadhani alitaka atukanwe, apumue kidogo. Consolée alimsikiliza mpaka mwisho, sahani ya maharagwe iliyorudishwa ingali mapajani mwake.

"Sasa iyo maji," akasema, "mi nifanye nayo nini?"