Shati Ambalo Mwenyewe Hakulifuata

Mjomba wangu ni dobi, na ukimchezea udobi wake utamjua. Mtukane, atakusamehe. Kunja suruali vibaya, atakutazama mpaka ujute kuzaliwa. Mimi ni mtoto wa dada yake, nimepiga pasi katika chumba chake miaka tisa, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Chumba chenyewe kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi, waya zinazokatiza juu ya vichwa, na mvuke usiokwisha. Mkazamjomba, yaani mke wake, hukaa kwenye kiti karibu na mlango akitia alama.

Alama ndiyo udobi wenyewe. Kila mteja ana yake, nyuzi nyekundu chache ndani ya kola: huyu vijiti vitatu, yule msalaba, mwingine msalaba na kijiti. Mjomba huzitunga na kuzihifadhi kichwani, mkazamjomba huzishona. Nguo ya nyumbani haitiwi alama kamwe. Shati lako likiwa halina uzi mwekundu, basi wewe ni wa humu.

Mtoto wao, tena wa pekee, aliondoka miaka sita iliyopita. Aliunguza koti la mteja, mjomba akamwambia mbele za watu, "Mkono huu sikuuzaa mimi." Basi. Kesho yake kitanda kitupu. Simu hakuna, salamu hakuna. Watu wakatuambia subira huvuta heri. Nikawajibu, si ivute basi, imekwama wapi? Mjomba mwenyewe hakusema kitu, ila tangu hapo kila kijana mrefu akipita dirishani, pasi ilikuwa inasimama juu ya nguo. Mara mbili aliunguza, yeye, mjomba! Na mimi nikanyamaza, japo mdomo wangu hauna kifuniko.

Asubuhi moja akaja askari na picha ya shati. Alikuwa amezunguka kwa madobi wote. Kuna mwanamume ameuawa na kutupwa nyuma ya maghala ya stesheni. Uso hautambuliki, mifukoni hamna hata tiketi. Walikwisha kumzika kwenye kaburi lisilo na jina, namba tu. Kilichobaki ni shati la mistari ya buluu, na ndani ya kola yake misalaba miwili na kijiti.

Mjomba aliipokea ile picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akashusha pumzi. "Alama ni yangu," alisema. "Ni ya mteja. Huyu si wa kwetu." Akacheka, Mungu amsamehe. Papo hapo akaona haya. "Lakini ana mama yake huyu. Mama wa mtu hawezi kuachiwa namba."

Mkazamjomba aliomba aione. Aliitazama, akairudisha.

"Unaikumbuka ni ya nani?" mjomba alimwuliza.

"Alama ni nyingi," alisema, akaendelea kushona.

Askari alikuwa na kesi zake chungu nzima, akatuachia picha. Hivyo ndivyo dobi na mpwa wake walivyogeuka wapelelezi. Alama zote mjomba anazo kichwani, lakini hiyo moja ilimtoka, na aibu yake ilimkosesha raha ya kula. Kwa wiki tatu tukawa tunazunguka kwa wateja wa zamani. Mjomba aliwageuza watu kola barabarani! Mwenye duka la dawa alitufukuza, kinyozi akaniuliza kando kama mzee yu mzima. Nikamwambia yu mzima kuliko wewe na vipara vyako.

Njiani ndipo alipoongea. Alimtaja mwanawe kila baada ya hatua tatu: alivyokuwa akiimba akisuuza, alivyopenda kulala chini ya meza mchana. "Nimemkumbuka mpaka mifupa inauma," aliniambia. "Nikimrudishia huyu mama wa watu mtoto wake, hata awe kaburini, mimi Mungu hataninyima wangu." Nilitaka kumwambia Mungu si mteja. Nilipomwona uso, nikashindwa.

Wiki ya tatu tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Akafungua mlango mwenyewe, tumbo likitangulia.

"Misalaba miwili na kijiti? Hiyo yangu!"

"Mwalimu, wewe umeuawa," nikasema.

"Nimeuawa lini, na mbona sikualikwa?" Alicheka mpaka akakohoa. Alipoiona picha akatulia. "Shati ni hilo. Ila sikulifuata kwenu. Nilinenepa, nikaona haya. Ni mwaka ule mlipounguza koti la jirani yangu."

Nguo zisizofuatwa tunazifungia sandukuni, na ufunguo anao mkazamjomba. Mjomba aliteremka zile ngazi akishika ukuta. "Labda liliibwa," nilimwambia. "Nyamaza, mwanangu," akasema.

Tulimkuta kwenye kiti chake. Mjomba hakukaa.

"Shati la mwalimu ulimpa nani?"

Akaweka sindano chini. "Asubuhi ile aliyoondoka, mashati yake yote yalikuwa mabichi kwenye waya. Nilimsihi abaki, hakusikia. Ningemwacha mwanangu aende na fulana?"

"Kwa hiyo ulijua. Tangu siku ya askari."

"Nilijua."

"Wiki tatu! Umeniacha nigonge milango ya watu!"

"Ulikuwa unatoka hapa una mtoto, unarudi una mtoto," mkazamjomba alisema. "Kwangu alishakufa, baba. Nikaona aishi japo kwako."

Mimi nilikuwa na maneno makali tayari kinywani, yote ya kumwambia yeye. Nilipotazama mikono yake nikaona vidole vimejaa matundu ya sindano. Wiki tatu alikuwa akijidunga na hakuna kati yetu aliyeona.

Mjomba akaketi sakafuni. "Stesheni," alisema. "Walimkuta stesheni."

"Alikuwa anakuja," mkazamjomba akasema. "Miaka sita, na bado amelivaa lile lile. Alikuwa anarudi kwako, mume wangu."

Kutoka yale maghala hadi mlango wetu ni mwendo wa robo saa. Mjomba alikuwa anauhesabu, midomo ikimcheza. "Ningemfuata hata mwendo wa mwezi," alisema, "kumbe alikuwa hapo tu."

Mkazamjomba akamwinua, akamfunga vifungo vya shati vilivyokuwa wazi. "Twende kwa askari kabla hawajafunga. Tukaseme ni wetu."

Wakatoka wameshikana mikono, kitu ambacho sikuwahi kuwaona wakifanya. Mimi nilibaki na nguo za watu, nikazidondoshea machozi, na ikanibidi nizipige pasi upya zote.