Bafu la Bi Mboni

Pantaleo alikuwa seremala, mzaliwa wa vijiji vya Masasi. Kazi alifundishwa na mabruda wa misheni, akaingia Dar es Salaam na randa mbili na msumeno ndani ya gunia. Mwaka 1974 ulipoanza alipata mkataba wa miezi sita kwenye ukarabati wa nyumba moja ya zamani huko Mchafukoge. Mkewe, Candida, alikuwa mjamzito, kwa hiyo miezi sita ya kazi ya uhakika ilikuwa jambo kubwa.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya tangu enzi za Wajerumani, yenye roshani ya mbao na mlango wa nakshi. Ukoo wa wafanyabiashara ulioijenga ulikuwa umeshahama nchi. Sasa ilikuwa ya shirika moja la umma, nalo lilitaka irudishiwe sura yake ya zamani, wafikie humo wakurugenzi wanaotoka mikoani.

Ndani alimkuta Bi Mboni, mama mtu mzima kutoka Kibiti. Alikuwa amewapikia wenye nyumba miaka ishirini na sita. Walipoondoka alibaki na chumba chake cha uani, shirika likamwajiri kufagia. Nyonga ilikuwa imemharibikia, akitembea anashika kuta. Bafu la chini, lenye birika la saruji, choo, na chuma cha kushikia ukutani, lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Wiki ya tatu msimamizi wa kazi, Awadhi, alikunjua ramani juu ya meza ya useremala.

"Bafu hili linaondoka," alisema. "Panakuwa chumba cha nguo. Makabati pande tatu, mninga mtupu."

"Na Bi Mboni?"

"Atatumia la juu."

"Zile ngazi haziwezi, bwana Awadhi."

"Ramani imeshapitishwa, fundi. Mimi na wewe kazi yetu kutekeleza."

Pantaleo akainama, akaendelea kupima.

Ijumaa jioni Bi Mboni alimfuata alipokuwa akifunga vifaa. "Nasikia Jumatatu mnavunja."

"Ndiyo, bibi."

"Basi kesho msiniharakishe. Nataka nioge vizuri."

Jumamosi alikaa bafuni saa nzima. Mafundi wakawa wanasikia kata ikigonga birika na maji yakimwagika. Alitoka amejifunga khanga safi, akawashukuru kwa kumsubiri. Shukrani hiyo ilimkaa Pantaleo rohoni siku nzima.

Jumatatu walivunja birika kwa nyundo, wakang'oa kile chuma, wakaziba tundu la choo kwa zege. Kufikia Alhamisi sakafu ilikuwa imesawazishwa, na Pantaleo akaanza kupanga mbao. Mninga ulikuwa mzuri, mistari yake imenyooka, na kila rafu ilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Aliipenda kazi ile, na kila alipojikuta anaipenda aliona aibu.

Februari jua lilikuwa kali. Candida alikuwa akimfungashia chai kwenye chupa, na Pantaleo akawa anamkaribisha Bi Mboni kikombe. Siku ya kwanza alikataa. Ya pili akakataa. Ya tatu Pantaleo akamuuliza kama chai ya mkewe ina kasoro.

"Haina kasoro, mwanangu. Nikinywa nitakwenda wapi?"

Akamweleza kwa sauti ya chini. Asubuhi alikuwa akivuka barabara kwenda kuomba choo kwa Zamzam, jirani aliyekaa chumba cha chini nyumba ya ng'ambo. Mara moja kwa siku wenyeji wa pale hawakumnung'unikia. Mara tatu angewachosha. Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka kesho yake hakugusa maji, ila kulowanisha midomo.

Pantaleo alikwenda moja kwa moja kwa Awadhi.

"Tumjengee hata kibanda cha bafu hapo uani."

"Uani patawekwa maua, ipo kwenye ramani," alijibu Awadhi. "Halafu sikiliza. Mkataba wako unaisha Juni. Kama unataka mwingine, usiniletee siasa."

Jumatano ya wiki ile kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi. Walizungumzia sare, na maziwa ya kuwakinga wapaka rangi na sumu ya rangi. Mwenyekiti akauliza, "Kuna ndugu mwenye jambo lingine?" Wakati ule mfanyakazi alikuwa na haki ya kusimama na kumsema mkubwa wake, na wengi walikuwa wamefanya hivyo. Pantaleo alikuwa ameliandaa neno lake tangu asubuhi. Akamfikiria Candida, mimba ya miezi saba. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akafunga mkutano.

Siku mbili baadaye Bi Mboni alianguka uani, ufagio mkononi. Awadhi ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, Pantaleo akapanda nao. Hospitalini daktari aliwaambia mwili umekauka maji, na figo zimeumia.

Jumamosi mchana na Jumapili kutwa Pantaleo alichimba shimo uani peke yake, akasimamisha kibanda cha mbao na mabati yaliyobaki, akamwaga sakafu. Jumatatu Awadhi alikiona. Akaingia, akatoka.

"Simenti umetoa wapi?"

"Humu humu."

Awadhi akaitazama ile sakafu mbichi, akaenda zake.

Lakini Bi Mboni hakurudi. Mpwa wake, Severa, alimtoa wodini akaenda naye Kibiti.

Juni nyumba ikafunguliwa. Mkurugenzi alipitishwa kila chumba, na alipofika kwenye makabati alipitisha kiganja juu ya mninga, akauliza nani kafanya kazi ile. Awadhi akamsogeza Pantaleo mbele. Watu wakapiga makofi. Hakuna kazi yake iliyowahi kusifiwa vile. Mkataba haukuongezwa.

Septemba alipanda basi kwenda Kibiti. Bi Mboni alikuwa mkekani, akimenya mihogo, amekonda sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Candida amejifungua?"

"Mtoto wa kike." Akakaa. "Bibi, kulikuwa na mkutano kabla hujaanguka. Ningeweza kusema. Nilinyamaza."

Kisu kiliendelea kumenya.

"Na mimi nilinyamaza," alisema Bi Mboni. "Nilikuwa nimezoea. Ila mimi ndiye niliyekuwa na kiu, Pantaleo."

Hakusema amemsamehe, na Pantaleo hakuthubutu kuomba. Severa alileta wali na samaki, wakala pamoja, wakaongea habari za bei za vitu na mvua. Alasiri akapanda basi la kurudi.

Bi Mboni alifariki mwaka uliofuata, kabla ya masika. Habari zilikuja kwa barua ya Severa, na Pantaleo alimsomea Candida mara mbili. Kisha akaenda bandarini, alikokuwa amepata kazi ya kugongelea misumari makasha ya mizigo. Kazi ya majumbani hakuifanya tena, na watu walipomuuliza sababu alisema bandarini ni karibu na kwake. Hapakuwa karibu.