Wayahudi Waliokuja na Dishi

Wiki iliyopita, kwa fundi redio hapa Bunda, dishi jipya lilituletea kipindi cha mazungumzo cha Wayahudi. Mwalimu mmoja alitutafsiria Kiingereza chao.

"Mwalimu, kumbe wapo mpaka leo?" aliuliza mama muuza dagaa. "Mimi nilijuaga wako kwenye Biblia tu."

Mtu akapiga simu kwenye kipindi kuuliza amwambie nini rafiki aliyefiwa. Mzee aliyekiongoza akajibu: kaa naye, usiseme mpaka aseme yeye.

Wenzangu pale kwa fundi wakanigeukia. Tangu nimzike mke wangu mwezi uliopita, wananihubiria tu. Fundi akazima sauti. Mama akatua beseni lake la dagaa, akakaa. Wakasubiri.

Kimya hicho nilikuwa nimekiomba kwa Mungu. Kilipokuja nikachanganyikiwa, nikauliza kama dagaa wale ni wa Guta au wa Musoma.

"Wa Guta, baba," mama akajibu taratibu, na wote wakaitikia kwa vichwa.