Mpangaji Asiyebeba Maneno

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kuchuja wapangaji, nayo iliniudhi mno. Hakuuliza kazi wala kanisa. Kila aliyekuja kutaka chumba cha nyuma ndani ya lupango letu, yaani kiwanja chetu chenye nyumba na ua, hapa Kalemie, alipewa kiti na maji, halafu mama akamnong'oneza uongo mdogo kama vile ni siri. Kila mtu na uongo wake. Kisha alimwambia arudi wiki ijayo, akasubiri kuona kama maneno yale yatamrudia kupitia midomo ya majirani. Yakirudi, chumba umekikosa.

Sababu ilikuwa mjomba, mdogo wake mama, tuliyeishi naye. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Wakati wa chakula aliigiza hotuba za wakubwa za kwenye redio mpaka tukashika mbavu. Miaka ile ya Zaire watu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Muntu wa kubeba maneno hatalala humu," mama alisema. "Ataniulia ndugu."

Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani kutoka Manono. Mama akamwambia eti mimi nimeposwa na mzee mmoja wa Kirungu mwenye wake wawili. Mimi huyu! Kesho yake wauza dagaa wa ndakala sokoni wakanipigia vigelegele. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamuuliza mama kama amekosa uongo mwingine wa kusema. Alicheka tu. Wa pili, mama mmoja wa kwaya, aliambiwa kuku wetu wana ugonjwa, na Jumapili kanisa zima likatupa pole.

Wa tatu alivaa abakosti, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Alisema ni karani wa ghala, ametoka Kabalo. Alikunywa maji yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Mama akamnong'oneza kwamba binamu yetu wa Kigoma anatuletea mabati kwa mashua. Mtaani kwetu, habari ya mabati ingefika kwa jirani kabla yule bwana hajavuka barabara. Tukasubiri. Wiki ikapita na hakuna aliyetuuliza.

"Huyu njo muntu," mama akasema, yaani huyu ndiye mtu, amefurahi kweli. Mimi niliogopa bila kujua naogopa nini. Nikasema tu kwamba mtu asiyecheka ananichosha.

Akahamia. Hakupokea wageni, hakunywa pombe. Mjomba alimpenda, akawa anamvutia kiti wakati wa chakula na kumwigizia zile hotuba. Yule bwana hakucheka hata siku moja. Mjomba akinyamaza, alimwambia kwa upole, "Endelea, Papa."

Asubuhi moja gari la askari likasimama mbele ya lupango. Walimchukua mjomba akiwa bado na mswaki mdomoni. Mpangaji alikuwa uani, anapiga pasi abakosti yake. Hakuinua kichwa.

Tulimtafuta biro hadi biro, kila ofisi ya serikali, mpaka afisa mmoja akatukaribisha viti. Hakumtaja mjomba.

"Mama, ile mashua ya mabati kutoka Kigoma inafika lini?"

Mama alishika ukingo wa meza. Uongo ule alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Akaanza kueleza kwamba hakuna mashua, kwamba ni namna yake ya kuchagua wapangaji.

"Sasa muko munaficha nini," afisa akauliza, "mpaka munachagua watu hivyo?"

Mjomba hakurudi. Hata nguo zake hatukupewa. Nilitaka kumtupia yule mtu virago vyake barabarani, na nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake mama aliponivuta mkono, akanibana mpaka nikaumia.

"Nyamaza. Nimebaki na wewe tu."

Basi tukaendelea kumsalimia asubuhi na jioni. Nilimchukia hadi chakula kikanishinda. Yeye alikula vizuri.

Siku moja alimkuta mama uani anapepeta mchele, akasimama mbele yake kwa heshima zote.

"Mama, chumba cha Papa kiko wazi. Niko na mwenzangu anatafuta pa kulala. Ni muntu mutulivu kama mimi."

Mama aliendelea kupepeta. Halafu akaniambia nikafagie chumba cha mjomba.