Kitasa cha Mlango wa Choo

Mamangu alikwama chooni kwa sababu ya kitasa nilichokinunua mwenyewe. Ufunguo ulizunguka bure, mlango haukufunguka. Nilimsikia akigonga kwa kiganja, halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha. Fundi wa mtaani kwetu Kuze akauvunja mlango wa mvule aliouwekesha marehemu babangu, ndipo mama akatoka, kanga imemlowa jasho.

Kesho yake nilikirudisha kitasa nilikokinunua, duka kubwa la vifaa vya ujenzi upande wa Makupa. Muuzaji alikuwa ameegemea kaunta, macho kwenye simu.

"Mumeo amekitia vibaya," alisema kabla sijamaliza.

"Sina mume. Amekitia fundi."

"Basi fundi wako hajui kazi. Mali ikishatoka hairudi."

Nikamweleza yaliyompata mama. Akainua bega moja, akamgeukia mwanamume aliyesimama nyuma yangu na kumwita bosi. Nilimchukia papo hapo, na sijaacha.

Mama aliposikia, akasema twende sote. Aliingia dukani na mkongojo wake, akatoa salamu. Hakuna aliyeitikia. Akatoa tena, kwa sauti. Mwenye duka akachungulia kutoka ofisini, akaitikia.

"Mwanangu," mama akamwambia muuzaji, "kitie hiki kwenye mlango wa choo chenu, kisha uingie ujifungie. Ukiweza kutoka, sisi tutakwenda zetu."

"Mama, sina wakati wa mchezo."

"Nami sikuwa nacheza mule ndani."

Mwenye duka akakichukua kitasa, akauzungusha ufunguo. Ukazunguka bure. Akatuletea kingine, bila hata kuomba radhi, akakisukuma juu ya kaunta kama anayemrushia paka kichwa cha samaki. Mama hakukigusa.

"Sijifungii tena na kitu chenu," akasema, tukatoka.

Siku hizi choo chetu kina komeo la mbao alilolichonga fundi. Lile duka nalo limebandika bango la kuwakaribisha wateja kwa heshima, na mlangoni wameweka kidude cha kutoa maoni: ukiridhika unabonyeza uso unaocheka, usiporidhika ulionuna. Juzi nilipita, muuzaji ni yuleyule. Nikabonyeza ulionuna, nikabonyeza tena na tena, mpaka akanijia.

"Mama, imetosha."

"Bado," nikamwambia, kidole hakikutoka.