Mtafiti Aliyefunga Njia ya Viboko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado halijachomoza, Bernadetta Kahigwa amechuchumaa kwenye tope ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mbele yake kuna bonge la kinyesi cha kiboko. Analivunja kwa kijiti, anatazama majani yaliyomo, kisha anasonya.

"Majani matupu ya kando ya maji," anasema. "Huyu hakufika malishoni. Amezunguka hapahapa, na hapa ndipo akina mama wanapochota maji."

Wapo wanaodhani mtafiti wa ikolojia ni mtu wa darubini na kofia safi. Bernadetta, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, siku nyingi hurudi nyumbani kwake Butimba akinuka zizi. Mumewe, Mwalimu Muganyizi, ameshamwekea sharti kwamba viatu vya kazini vilale nje.

Lakini leo hana hamu ya utani. Mchana, wanakijiji wa Nyanhomela, wilayani Misungwi, wanakaa kikao. Wakiamua kulima ngitili yao na kuomba viboko wapigwe risasi, kazi yake yote hapa itakuwa imekwisha, na viboko wa ghuba hii watakuwa wamekwisha pia. Kinachomnyima usingizi zaidi ni kwamba hawezi kuwalaumu.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika yote, nyasi zikue, halafu ng'ombe huingizwa kiangazi kinapokaza. Ni utaratibu wa mababu. Mwaka 1994 Bernadetta, binti wa wakulima wa migomba na kahawa kutoka Kagera, aliwaomba wazee waongeze jambo moja.

"Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula," anaeleza. "Akikosa nyasi, anaingia kwenye majaruba ya mpunga. Nikawaambia, tumpe sehemu ndani ya ngitili. Tuizungushie uzio wa minyaa ili ng'ombe wasiingie ovyo, na tumwachie yeye mlango pale anapopita."

Wazee walikubali. Minyaa ikapandwa, ikashika, na kwa misimu miwili mpunga ulisalimika. Walimchinjia hata mbuzi, na yeye akatembea Nyanhomela kifua mbele.

Tatizo ni kwamba mahali pa kuacha mlango ule alipapima masika tu, kwa kufuata nyayo.

"Kiangazi gari la mradi wetu wa utafiti halikuwa na mafuta," anasema bila kuinua macho. "Fedha za wafadhili zilikuwa hazijaja, ofisini watu walikuwa wanapunguzwa, kila mmoja akihofia kibarua chake. Nikajiambia, nyayo nilizoziona zinatosha. Hazikutosha."

Mwaka huu wa 1997 magugu maji yameifunika ghuba yote. Sehemu pekee yenye maji wazi ni ile ambayo akina mama huisafisha kila siku ili wapate kuchota. Viboko nao wamehamia hapo. Wakitoka wanakuta uzio, hawaoni mlango, wanaufuata uzio mpaka unapowatupa kwenye njia ya watu.

Wiki iliyopita njia hiyo ilimkutanisha kiboko na Kija, mama wa watoto wawili. Alirushwa, nyonga ikavunjika. Hadi leo amelazwa hospitali mjini Mwanza.

Kikao kinafanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba la ushirika. Ghala lenyewe ni tupu tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata pamba majumbani. Mwenyekiti ni Mzee Ndalahwa, na wa kwanza kusimama ni Masele, mume wa Kija.

"Mimi sina ugomvi na mnyama," anasema taratibu. "Ila mke wangu hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa. Wanangu wanauliza anarudi lini. Nawajibu nini?"

Mfanyabiashara wa nyanya aliyetoka Nyamagana, mjini Mwanza, Mihayo, anainuka mara moja.

"Jamani, sasa ni soko huria! Mimi niko tayari kukodi hilo eneo lote la ngitili. Hapa zingetoka nyanya za kujaza malori, nyie mmewatengea viboko. Viboko wanawalipa nini?"

Watu wanacheka, wengine wanaguna. Bernadetta anaitwa. Anamwachia mkoba wake mwandishi wa makala haya, aliyekaa karibu yake, na kusogea mbele.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Nshomile!" anadakia kijana mmoja nyuma, akimtania kwa usomi wa Wahaya. "Leo utueleze kwa Kiswahili cha kueleweka!"

Bernadetta hatabasamu. "Nimekosea," anasema. "Viboko hawakubadilika tabia. Uzio niliowashauri mpande ndio uliompeleka yule kiboko kwa Kija. Masele, nisamehe."

Minong'ono inapanda. Mzee Ndalahwa anainua mkono.

Bernadetta anaendelea. Anaomba minyaa ikatwe pale pale viboko wanapotokea sasa, ili waingie malishoni moja kwa moja. Sehemu ile ya maji waachiwe wao. Akina mama wafunguliwe nyingine upande wa miamba, ambako kiboko hawezi kupanda. Anaomba subira mpaka mvua za vuli.

"Na ukiwa umekosea tena, mayu?" anauliza Mzee Ndalahwa, akimwita kwa neno la Kisukuma la kumheshimu mama.

Angeweza kuapa kwamba safari hii hajakosea. Mihayo angeapa bila kupepesa jicho.

"Mwaka huu nimeangalia miamba ile masika na kiangazi, sikuona unyayo hata mmoja. Lakini siwezi kuapa, mzee."

Hapo anasimama Dorcas, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye ndiye anayewaongoza wenzake kwenda kuchota maji.

"Wanaume mnabishana kuhusu maji, kwani mnachota nyinyi?" anasema. "Mimi nyanya za Mihayo sizitaki. Malisho yakilimwa, ng'ombe wetu watakula nini Septemba? Lakini na mimi sitaki kufa. Huyu mama aje akae kwangu mpaka vuli. Kila asubuhi aingie majini yeye kwanza, ajaze ndoo yake, sisi tukimtazama. Akitoka salama, tunaingia. Siku akikataa kuingia, tutajua si salama, na bunduki ije."

Uwanja unalipuka kwa kicheko. Kisha watu wanaona kwamba Dorcas hatanii. Wazee wanainamiana vichwa kwa muda mrefu, halafu Mzee Ndalahwa anatamka kwamba kikao kimekubali. Viboko wamepewa mpaka vuli, na Bernadetta pia.

"Naogopa," anasema baada ya kikao, ameketi kwenye ngazi za ghala. "Usiandike kwamba siogopi. Nina mtoto mdogo Butimba, na sijui nitamwambiaje Muganyizi. Lakini ningewezaje kukataa? Ningekuwa nawaambia waingie wao mahali nisipoweza kuingia mimi."

Mpango wake ni kuanza kukata minyaa kesho na vijana wa kijiji, kusafisha magugu upande wa miamba, na kupima nyayo mwenyewe kila alfajiri. Mwakani anataka kurudi katika kila kijiji alichoshauri uzio na kupima upya, kiangazi kwa masika, hata kama ni kwa baiskeli.

Masele anakuja akiwa ameshika ndoo ya bati iliyobonyea ubavu mmoja. Wavuvi waliiokota kwenye magugu siku ya pili baada ya tukio.

"Ya Kija hii," anasema. "Utachotea hii. Akirudi, umkabidhi mwenyewe, mkononi."

Bernadetta anasimama na kuipokea kwa mikono miwili.

"Nitamkabidhi," anasema. "Mungu akipenda nitamkabidhi."