Chumba cha Bwana Mkubwa

Mjomba wangu ni mlinzi wa lango la jumba la kale, lile la tajiri wa chumvi aliyeishi kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Siku hizi ni makumbusho. Wageni huingia na kutoka, yeye hubaki langoni, na miaka yote ya kazi yake hajawahi kupanda ngazi zake. Ila kwa kumwonea wivu mwenye jumba, hana mpinzani. Bomba la kwake likikauka nusu siku, utamsikia: "Bwana Mkubwa hakuyajua haya." Feni ikipiga kelele, Bwana Mkubwa. Siku mchuzi ulipozidi chumvi nilimwambia, hapo sasa mlaumu Bwana Mkubwa mwenyewe. Hakucheka.

Mwezi uliopita mkurugenzi wa makumbusho alimwita. Walitaka mtu wa kuishi ndani, apewe chumba cha Bwana Mkubwa, bure, kwa sharti moja tu: kila kitu kibaki kama kilivyokuwa enzi zile. Jioni hiyo mjomba hakukanyaga chini kwa furaha. Kabla hajavua viatu alishamwambia mwenye nyumba tuliyopanga, mimi na yeye, atafute mpangaji mwingine.

"Na dawa yako utaiweka wapi?" nilimuuliza. Mjomba ana kisukari tangu ujana. Anajidunga sindano kila siku, na vichupa vyake hukaa kwenye mlango wa friji, jirani na mayai.

"We mtoto, jumba lote lile likose mahali pa baridi?"

Kesho yake tulikwenda kukitazama chumba, yeye mbele, mimi na mkurugenzi nyuma. Mlangoni alisimama mdomo wazi. Dari ilipakwa dhahabu, kitanda kilipandwa kwa ngazi. Kando kulikuwa na beseni la kuogea la marumaru, kubwa, ng'ombe angeenea. Mjomba alilizunguka akitafuta bomba.

"Halina," alisema mama mkurugenzi. "Watumishi walipandisha maji kwa ndoo."

"Na choo?"

Alimfunulia kiti chenye nakshi za pembe. Chini ya kikalio palikuwa na chungu.

"Hiki nacho nani alikuwa anamwaga?"

"Watumishi."

"Na sasa hivi?"

Mama yule alimwelekezea ndoo iliyokuwa pembeni, kwa upole. Mjomba alinigeukia mimi. Nami kichwa kilishaanza kunivurugika, maana kila nilipotaka kukitamani kile chumba nilijiona nabeba ndoo, na kila nilipotaka kukidharau macho yalinirudi darini.

"Umeme hamwezi kuvuta hata waya mmoja? Wa friji tu," aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Hairuhusiwi, mzee wangu. Unaumwa?"

"Sukari."

Mkurugenzi akatupeleka kwenye picha iliyoning'inia juu ya kitanda. Mimi nilitegemea kumwona mzee wa tumbo na ndevu. Alikuwa kijana mwembamba, mashavu yamebonyea, amevaa pete kila kidole.

"Huyu ndiye?" Mjomba hakuamini.

"Ndiye. Alirithi kila kitu akiwa mdogo. Kisha ikamshika kiu, akawa anakunywa mtungi mzima na kiu haikatiki, anakonda huku anakula. Baba zake wadogo walileta waganga kutoka ng'ambo, kwa meli. Wakamnyima chakula wakidhani watamwokoa. Alifia hapa, ana miaka ishirini na minne. Wasomi wetu wanasema ilikuwa sukari, enzi hizo haikuwa na dawa."

Mjomba alikaa ukingoni mwa kitanda, ambapo hakuna anayeruhusiwa kukaa, na mama wa watu hakumkataza.

"Mimi sielewi," alisema. "Huyu ndiye nimekuwa namwonea wivu? Nikisema nimemzidi, nazidi nini mimi, mtu wa langoni? Nikisema kanizidi..." Nilimshika bega.

Mwisho alisimama. Alivua kofia yake ya ulinzi, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. Mwaka huu mjomba anatimiza miaka sitini na sita.

"Pole, mwanangu," alimwambia.

Kisha akanituma nikimbie kwa mwenye nyumba, nikamwombe asiwape watu vyumba vyetu.